Koki Chini ya Ngazi

Fundi bomba alipenda kusema kwamba alizaliwa na shingo ndefu kama watu wengine, ila ndoo ndizo zilizoirudisha ndani. Wateja wake walicheka wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha wote. Tangu mama yake alipofariki na shangazi yake akamchukua kumlea, hakuna asubuhi ya utoto wake iliyoanza bila ndoo. Alishuka nayo tupu hadi uani, akapanga foleni mbele ya bomba moja lililohudumia nyumba nzima, kisha akapanda nayo ngazi huku maji yakimtiririkia mgongoni na kumlowesha sare ya shule. Darasani alikaa amelowa. Wenzake wakampa majina, mengine hayaandikiki hapa.

Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu, ya ghorofa mbili, na ua wa saruji katikati. Kila chumba kilikuwa na familia, kila familia ilikuwa na ndoo zake zilizopakwa alama ya rangi zisije zikachanganywa, na bomba lilikuwa moja tu. Maji yalifika alfajiri, tena kwa unyonge, na jua likishapanda kidogo yameshakatika. Watu wengi, bomba moja, muda mfupi: hapo mtu hutegemea kuona ngumi. Na ngumi zingekuwapo, kama si Shangazi.

Wapangaji walimwita Spika, kwa kumfananisha na yule anayeongoza bunge, maana hakuna aliyekinga maji kabla yeye hajamwita. Alikalia stuli yake ya mbao kando ya bomba, kitambaa kichwani, akaiendesha foleni kwa sauti isiyohitaji kupandishwa.

"Mama Pacha, zamu yako. Mwalimu, nimekuona. Unajifanya unasoma gazeti, kumbe mguu unasukuma ndoo."

Watu wakavunjika mbavu, na Mwalimu, mwanamume mzima mwenye miwani, akairudisha ndoo yake nyuma kwa aibu. Spika alijua nani ana mtoto mgonjwa, akampitisha mbele. Alijua nani amegombana na mumewe, maana huyo ndoo yake aliitua kwa kishindo. Mtu asipoonekana kwenye foleni, jua halijatoka ameshatumwa mwenzake kumgongea mlango. Mwalimu mwenyewe aliwahi kuokolewa hivyo, siku aliyozidiwa na homa, mkewe kasafiri, peke yake chumbani kwake kule juu kabisa. Wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasema habari nyingine.

Hayo yote Fundi hakuyaona. Yeye aliona ndoo. Akaapa kwamba akiwa mtu mzima, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuiua foleni ile.

Na kweli akakua, akajifunza kazi ya mabomba, akaoa, akahamia upande mwingine wa jiji. Miaka hiyo maji ya mji yalikuwa yameanza kutoka kutwa nzima, na siku mwenye nyumba alipoamua kuingiza maji kila chumba, ili na yake iitwe nyumba ya kisasa, Fundi aliiomba kazi ile kama mtu anayeposa. Akapewa. Alitoboa kuta, akapitisha mabomba, akagandisha viungo kimoja kimoja kwa mapenzi. Chini ya ngazi aliweka koki kuu, ile inayofunga na kufungua maji ya nyumba nzima, akaijengea kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ufunguo mwenye nyumba alimwachia yeye, kwa kuwa ndiye fundi.

Chumba alichokianza kilikuwa cha Shangazi, ghorofa ya kwanza. Kwenye kona alimjengea kijukwaa cha saruji chenye tundu la kutolea maji, na bomba akaliweka chini kabisa, kimo cha ndoo, ili yule mama asiinue kitu kizito tena maishani mwake. Alijisikia amelipa deni ambalo hakuna aliyemdai.

Siku koki ilipofunguliwa, nyumba ililipuka kwa shangwe. Mama Pacha, ambaye chumba chake kiko chini ya cha Shangazi, alilia machozi waziwazi huku akiwaogesha mapacha wake bila kuwabania. Mwalimu alishuka kutoka juu akiwa bado na sabuni sikioni. Siku hizo alikuwa amefiwa na mkewe, kifua kinamsumbua, na ngazi zilikuwa adui yake. Alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," alisema, "miaka yote hii naoga kwa kikombe. Leo nimeoga kama binadamu."

Fundi alitembea na maneno yale kifuani wiki nzima. Jioni hiyohiyo alichukua msumeno, akalikata bomba la uani, akaliziba mdomo. Ua ulikuwa hauna kazi tena, na haikupita muda mwenye nyumba akaugeuza mahali pa kuegesha magari. Shangazi alikuja kusimama pale akiwa ameshika stuli yake.

"Sasa watu watakutana wapi?"

"Shangazi nawe! Wakutane wapi, kwani wamepotezana? Si mnaishi nyumba moja?"

Shangazi alipanda na stuli yake taratibu, akaiweka nyuma ya mlango wa chumba chake, akaitundikia koti.

Matatizo yalianza baada ya hapo. Shangazi alimpigia simu asubuhi moja: bomba limegoma. Fundi akaja mbio na mfuko wake wa vifaa, akakuta koki ndogo ya ukutani imefungwa.

"Nani kafunga hii?"

"Labda imejifunga, mwanangu."

"Koki haijifungi."

"Basi labda niliigusa nikifagia. Kaa basi, chai ndiyo hiyo inachemka."

Mara ya pili mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa na nyuzi za kitambaa. Fundi akatikisa kichwa, akawalaani wale wanaosambaza maji machafu mjini, akasafisha. Mara nyingine hakuona kasoro yoyote, ila Shangazi alimwapia kwamba tangu kuche halijatoka hata tone. Kila alipokuja alimkuta amevaa vizuri, vikombe viwili vipo mezani, na maswali yanamsubiri: mkeo hajambo, mkubwa kapita mtihani, mdogo ameacha kukohoa? Alipotaka kuondoka, Shangazi alikumbuka jambo lingine. Fundi alikuwa akijibu huku kichwa kiko ukutani, kinatafuta hitilafu.

Ndiyo kasoro ya watu wa kazi yake. Kitu kikiharibika ndani ya nyumba, fundi bomba anatazama bomba.

Siku ambazo Fundi hakuweza kuja upesi, Shangazi alibeba ndoo yake akazunguka milangoni. "Hodi humu! Langu limegoma tena, jamani." Akaingia, akakaa, ndoo ikajaa, ikamwagika, yeye bado yumo, anauliza mtoto gani huyu anayelia na kwa nini chumba hiki siku hizi kina giza. Mwanzoni walimkaribisha kwa furaha. Baadaye walimkaribisha huku wamesimama, mkono mmoja umeshika kitasa.

Fundi alipofikiri sana, akapata jibu. Bomba ni zima, koki ni nzima, basi maji yananyonywa. Kuna mtu kule juu ameficha pampu. Na juu kabisa, kwenye bomba hilohilo, ni nani kama si Mwalimu? Akapanda ngazi mbilimbili, akaingia bila hodi. Hata shikamoo ilimshinda.

"Mwalimu, pampu iko wapi?"

"Pampu gani?"

"Hiyo unayowanyonyea wenzako maji."

Mwalimu alivua miwani, akamtazama. Fundi hakungoja jibu. Alifungua kabati, akavuta pazia, akapiga magoti akachungulia chini ya kitanda cha mzee wa watu. Alikuta viatu vya marehemu mkewe, vimefutwa vumbi, vimepangwa. Alisimama, akalirudisha pazia lilivyokuwa.

"Umemaliza?" Mwalimu aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nirudishie mlango kama ulivyoukuta."

Kabla ya siku ile Mwalimu alikuwa na tabia ya kusimama kwa Shangazi kila anapopanda au kushuka, apumzishe kifua na wapige soga kidogo. Tangu siku ile alipita bila kusimama, akihema.

Fundi aliona haya, lakini haya haikumrudisha kwenye akili. Alizidi kuingia kazini. Alinunua tanki, akalipandisha juu ya paa, akaliunganishia bomba lake pekee kutoka kwenye bomba kubwa la barabarani, kabla ya koki kuu, hadi chumbani kwa Shangazi. Koki ndogo ya ukutani nayo akaijengea kisanduku. Mdomo wa bomba akaufunga wavu mgumu wa chuma. Alipomaliza alijipangusa jasho, meno yote nje.

"Haya, Shangazi. Maji ya nyumba nzima yakatike, ya mji mzima yakatike, ya kwako yatatoka tu."

Shangazi aliyatazama maji yakianguka ndani ya ndoo. "Yaani hayawezi kukatika kabisa?"

"Kabisa."

"Hata nikitaka?"

Fundi alicheka sana, akamuaga, akaondoka.

Simu zikakoma. Fundi akawa kila siku anaitazama simu yake kimya na kujipongeza. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Tangu niweke tanki hajalalamika hata mara moja."

"Kwa hiyo huendi kumwona?"

"Niende kufanya nini? Kila kitu kinafanya kazi."

Mkewe alimtazama kidogo, akaendelea kukunja nguo. Kuna wanawake wanaojua lini maneno ni ya kupoteza. Fundi akaahidi kwamba Jumapili ataenda, na Jumapili ikaja na kazi ya mtu, na nyingine ikaja na uchovu wake.

Simu iliyokuja baadaye ilikuwa ya Mama Pacha, na alikuwa amewaka.

"Fundi, dari langu linavuja! Kitanda cha watoto kimelowa chapachapa, godoro lote limeharibika. Njoo uione kazi yako!"

Kazi yako. Neno lile lilimuuma kuliko godoro. Njia nzima Fundi aliwaza viungo: ni kile cha pembeni, au kile cha chini ya saruji? Gundi ilikuwa mbovu? Nani ameigusa? Aliwaza mabomba tangu mlangoni kwake hadi mlangoni kwa Shangazi, na Shangazi mwenyewe hakumwaza hata kidogo. Baadaye jambo hili ndilo lililomkosesha usingizi.

Alimkuta Mama Pacha na majirani wengine wawili wanagonga mlango, maji yanatoka kwa chini na kuteremka ngazi. Kwa ndani ulikuwa umefungwa. Fundi akatia chuma kwenye kitasa, akakisukuma kwa bega, mlango ukaachia.

Shangazi alikuwa amelala sakafuni ndani ya maji, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Bomba lilikuwa wazi. Kitambaa chake cha kichwani alikuwa amekisokomeza kwenye tundu la kutolea maji, akalibana sawasawa. Na Fundi, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga bomba. Mkono ulitangulia. Ndipo akapiga magoti.

"Shangazi! Shangazi, tangu lini?"

"Tangu jana." Midomo ilikuwa imegeuka rangi kwa baridi.

"Kwa nini hukuita?"

"Nimeita, baba. Simu ilikuwa imezima. Nimeita mpaka sauti imeisha. Watu wamefunga milango, kila mmoja na televisheni yake. Mapacha nawasikia wanacheka huko chini, wao hawanisikii mimi." Alipumzika. "Kutoka kitandani mpaka hapa si ni hapo tu? Nimetambaa usiku kucha. Nikajisemea, kwa ajili yangu watachelewa. Kwa maji watakuja."

Mama Pacha, aliyekuwa na maneno ya godoro mdomoni, alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Fundi alivua shati lake kavu, akamfunika.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema itaunga, ila kutembea peke yake asitegemee sana. Walimlaza kwenye wodi ndefu yenye vitanda vingi, na hapo Fundi akaona ajabu. Shangazi alichangamka. Mguu umefungwa, lakini sauti iko palepale: huyu aogeshwe kwanza maana ana wageni, yule asiamshwe maana hakulala, wewe wa dirishani mbona uji hujaumaliza? Muuguzi alimnong'oneza Fundi kwamba tangu mama yake alazwe pale, kazi imekuwa nyepesi. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani kila mgonjwa alifurahi kwa niaba yake, isipokuwa yeye.

Siku hiyo Mama Pacha alikuwa amekuja kusaidia kubeba vitu. Wakiwa kwenye benchi wanasubiri, alimgeukia Fundi.

"Nikwambie kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Bomba lake halikuwa bovu. Hata mara moja. Sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Siku moja alikuja kwangu na ndoo, nikamtuma mwanangu akamletee shali yake. Mtoto akarudi ananiambia, mama, kwa Spika maji yanatoka. Alikuwa amesahau kufunga. Nikamwambia mtoto anyamaze." Alinyoosha nguo kwenye magoti. "Mtu akija na ndoo, humwulizi amefuata nini. Unampa maji, unampa na kiti. Lakini ajaribu kuja mikono mitupu, kwa maisha yetu ya sasa! Utamwuliza, kuna nini? Naye aseme nini, nimekuja kuwaona tu? Atakuwa kama anaomba. Ndoo ilimsitiri. Sasa wewe ukamwekea tanki."

Fundi aliyameza yale maneno na yalikwenda chini kwa shida. Jioni, baada ya kumlaza Shangazi kitandani mwake, alipanda hadi juu, akabisha hodi safari hii, akaamkia: shikamoo. Akasema yote, kwamba pampu haikuwapo, koki ilifungwa na mkono anaoujua, na yeye alimvunjia Mwalimu heshima ndani ya chumba chake. Marahaba ilichelewa kidogo, ikaja. Zaidi ya hiyo Mwalimu hakumpa kitu, na haki ilikuwa yake.

Mke wa Fundi alitaka Shangazi ahamie kwao. Akakataa katakata: nyumba yake ni ile, hata ikimpa mgongo. Basi mke wa Fundi akawa anakuja asubuhi na jioni kumhudumia. Kitanda walikisogeza karibu na mlango apate hewa. Majirani walimiminika siku za kwanza na pole zao, kisha wakapungua, kisha zikabaki salamu za kupitia mlangoni mtu akikimbilia kazini. Hakuna aliyekuwa mbaya. Maji yapo ndani, chakula kipo ndani, habari ziko kwenye simu, na siku imejaa. Shangazi akaacha kuuliza. Uji ukawa unapoa mbele yake. Siku moja Fundi alimkuta ameugeukia ukuta, na alipomwita, aligeuka kwa adabu tu, kama mtu anayemgeukia mgeni. Daktari alimwambia Fundi bila kuzunguka: mfupa unaunga vizuri, ila mwenye mfupa hataki, na mgonjwa asiyetaka huondoka.

Fundi alishuka ngazi na maneno yale. Alipofika chini alisimama mbele ya kisanduku cha chuma. Hakuwa amepanga. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati, mkono ukautoa, mkono ukafungua kufuli, mkono ukazungusha koki mpaka ikagoma. Kwa mara ya kwanza tangu aijenge, nyumba ilinyamaza ndani ya kuta zake.

Asubuhi iliyofuata alikuwa hapo kabla wapangaji hawajampigia. "Fundi, maji yamekatika!" "Naona. Kuna kazi hapo, naiangalia." "Tutafanyaje sasa?" "Kwa Shangazi yapo, ana tanki. Nendeni mkakinge." Alisema hivyo uso mkavu, na tangu siku ile akajijua kwamba ni mwongo mzuri.

Ndoo zilitafutwa. Nyingine zilikuwa zimegeuzwa vyungu vya maua, nyingine zimejaa vitunguu. Watu wakapanda, wakajazana mlangoni kwa Shangazi, wakatazamana, kwa kuwa hakuna aliyejua aanze nani. Kutoka kitandani ikatoka sauti, imekwaruza.

"Mnanijazia mlango. Foleni inaanzia wapi?"

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Spika yuko kazini!" Mama Pacha akaitoa stuli nyuma ya mlango, akamwekea Shangazi begani koti lililokuwa limetundikwa pale, akakaa yeye kuwa mkono wa Spika kwenye bomba. Shangazi alidai ainuliwe, akawekewa mito miwili mgongoni. Aliwapanga. Aligundua kwamba yule kijana wa pembeni ana mchumba, kwamba dada wa chumba cha mwisho amepoteza kazi na hajamwambia mtu, kwamba watu wawili waliokaa mlango kwa mlango hawajuani majina. Mchana alikula uji wote, akauliza kama umebaki.

Zikapita siku. Mwenye nyumba alipiga simu, Fundi akamwambia kuna kifaa kinasubiriwa. Shangazi alirudiwa na rangi. Fundi alimtazama akicheka na alikuwa tayari kufunga koki ya dunia nzima. Lakini alikuwa na macho, na macho yaliona mengine. Dada mmoja alichelewa kazini mara mbili akaonywa. Wengine walianza kugombana. Na asubuhi moja alipishana na mapacha wakienda shule, sare zimelowa mgongoni, akajikuta anashika shingo yake mwenyewe.

Aliendelea hata hivyo. Kesho, alijiambia. Kesho nitafungua.

Kisha akamkuta Mwalimu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, katikati ya kwa Shangazi na kwake, ndoo yenye maji nusu kati ya miguu, nusu nyingine imemwagika kwenye vidato. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Fundi alitaka kumwinua, mzee akamzuia kwa kiganja, asubiri pumzi zirudi.

"Nimerudi kwenye kikombe," alisema zilipomrudia.

"Mwalimu, lete nikubebee."

"Beba." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akamtazama kwa macho yaliyosahihisha madaftari ya waongo wengi. "Na safari hii, Fundi, utatafuta chini ya kitanda cha nani?"

Fundi aliipandisha ndoo hadi juu. Akarudi, akamshika Mwalimu mkono, wakapanda kidato kimoja kimoja mpaka mlangoni kwake. Ufunguo ndani ya mfuko wa shati ulikuwa mwepesi, na aliuhisi kila alipoinua mguu.

Aliposhuka kwa Shangazi foleni ilikuwa bado ndefu, watu wanabishana kwa kicheko kuhusu jambo fulani. Shangazi alimwita kwa kidole, amwinamie.

"Mwalimu amefika juu?"

"Amefika."

"Kifua chake nimekisikia nikiwa hapa." Akampa Mama Pacha ishara aendelee na anayefuata. "Utafungua lini?"

"Nifungue nini, Shangazi?"

"Mwanangu." Alimtazama kwa huruma kabisa. "Bomba lililofungwa kwa mkono, unidanganye mimi?"

Machozi yalimtoka Fundi bila taarifa, mtu mzima na masharubu yake, mbele ya ndoo za watu. Aliinama zaidi asionekane.

"Nikifungua," alisema, "nani atakuja hapa?"

Shangazi aliutazama mlango. Alimtazama kijana mwenye mchumba, dada asiye na kazi, wale wawili waliokuwa hawajuani majina na sasa wanataniana.

"Mama Pacha atakuja, labda. Na mkeo. Wengine hawatakuja." Alisema hivyo kama mtu anayesoma zamu. "Wafungulie. Yule mzee ataniangukia kwenye ngazi, na foleni ya kwenda kumzika siitaki."

Fundi alijifuta uso, akaupapasa ufunguo mfukoni, akainuka. Vidole vya Shangazi vikamkamata mkono wa shati, na vilikuwa na nguvu ambayo hakuitegemea.

"Si sasa," alisema chini kwa chini. "Ngoja kwanza foleni iishe."

Kisha akajiweka sawa kwenye mito, akainua kidevu. "Anayefuata! Na wewe wa nyuma, toa mguu kwenye ndoo, nimekuona."

Watu wakacheka. Fundi akakaa juu ya mfuko wake wa vifaa pembeni ya mlango, akazitazama ndoo zilizobaki zikisogea moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba foleni iwe ndefu.